Tulivyopumua Katika Miaka ya Kufunga Mkanda

Vitabu vya historia ya nchi yetu vinaeleza vema habari za vita, mikutano, maazimio na bei. Ukivifungua utajua ni lini Azimio la Arusha lilitangazwa, ni lini Kampala ilianguka, na ni lini shilingi ilianza kuporomoka. Lakini liko jambo moja ambalo ni vigumu kulipata humo hata ukisoma mpaka ukurasa wa mwisho: watu waliopita katika miaka hiyo walifanya nini jioni, baada ya kurudi nyumbani na kikapu kitupu? Walishika nini mikononi hata mioyo yao isipasuke? Nilifundisha historia kwa miaka mingi, na mtaala haukunipa nafasi ya kulijibu swali hilo. Sasa nimestaafu, umri wangu umevuka sabini, ninaishi Chamazi, na hakuna tena mkaguzi wa kuniuliza kwa nini nimetoka nje ya silabasi. Nitalijibu kwa kuvitazama vitu vitatu vidogo ambavyo watu wa kawaida, na wengine wasio wa kawaida, walivishikilia katika nyakati ngumu: tuta la mchicha, bao la kete na kalamu.

Kwanza tukumbushane hali ilivyokuwa, maana wasomaji wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera, na nchi ikaingia vitani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Tukashangilia, lakini vita ilikuwa imekula akiba yetu, na mwaka huohuo bei ya mafuta ya petroli ikapanda duniani kote. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Miezi hiyo ilipita, na mkanda ukabaki kiunoni kwa miaka.

Sabuni ilipotea madukani. Ikafuata sukari, mafuta ya kula, khanga na betri za redio. Mbele ya duka la kaya watu walipanga mawe katika foleni tangu alfajiri, na kila jiwe lilisimama badala ya mtu, naye mwenye jiwe akaenda kutafuta foleni nyingine. Tulikula unga wa mahindi ya njano uliotoka ng'ambo, tukauita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi yake. Wako waliofulia nguo kwa majani ya mpapai. Jumapili, ikifika saa nane mchana, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea ili kuokoa mafuta, na barabara za Dar es Salaam zikawa kimya kama siku ya msiba. Machi 1983 ulianza msako wa wahujumu uchumi, na hata mtu aliyekuwa na mifuko miwili ya saruji ya halali alilala macho wazi. Mwaka huohuo ikaja operesheni ya Nguvu Kazi, na asiye na kitambulisho cha kazi aliogopa kukatiza mtaani. Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine akafariki katika ajali ya gari kule Dakawa, na taifa zima likalia.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wilayani Temeke, nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu nyuma, nina mke na watoto wawili. Mshahara wangu ulikuwa unamalizika kabla mwezi haujafika nusu. Siandiki haya ili kulalamika. Ninayaandika ili msomaji aelewe kwamba tulipokwenda kuchimba tuta nyuma ya nyumba, hatukwenda kwa starehe. Tulisukumwa na njaa. Faraja tuliikuta hukohuko.

Mji wa Dar es Salaam wa miaka ile ulikuwa bustani moja kubwa isiyo na mwenye nayo. Mchicha ulistawi katika bonde la Msimbazi, kando ya reli na barabara, katika viwanja vya shule na vya zahanati. Kule Oysterbay, mahali palipojengwa kwa ajili ya wakubwa wa kikoloni, maofisa wa serikali walifuga kuku na ng'ombe wa maziwa uani. Watu wa uchumi wamekwisha kuandika kwamba miradi hiyo midogo ndiyo iliyozilisha familia za wafanyakazi, na wameandika kweli. Lakini walihesabu mafungu ya mboga, hawakuhesabu usingizi.

Nilikuwa na jirani, karani katika ofisi moja ya mjini. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alichuchumaa kando ya matuta yake mawili, mikono juu ya magoti, akatazama. Hachumi, hapalilii, hamwagilii, anatazama tu. Siku moja nilimwuliza, "Bwana, unatafuta wadudu?" Akanijibu, "La, Mwalimu. Natazama kitu ambacho jana hakikuwepo." Maneno hayo nimetembea nayo miaka arobaini. Ofisini kwake kila siku kulikuwa na kitu kilichopungua: karatasi, wino, balbu, matumaini. Pale tutani kila siku kulikuwa na kitu kilichoongezeka.

Anayejua mchicha anajua ninachosema. Mbegu zake ni ndogo mno, huna budi kuzichanganya na mchanga au majivu ili zisirundikane mahali pamoja. Unafunika kwa udongo mwepesi na nyasi, unanyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa matundu, na baada ya siku chache tuta linapata rangi ya zambarau na kijani. Ndani ya wiki tatu au nne unang'oa. Saa ya mchicha haijui ofisi ya bei wala kituo cha polisi. Katika miaka ambayo hakuna ahadi iliyotimizwa kwa tarehe yake, ule mmea ulitimiza ahadi yake kila mwezi. Mtu anayeishi katika wasiwasi anahitaji kitu kimoja kinachotimia, hata kikiwa kidogo kama fungu la mboga.

Hapa lakini mwalimu wa historia lazima anyanyue kidole. Jembe peke yake halimfariji mtu. Jembe hilohilo limewahi kuwasha moto katika nchi hii. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ililazimisha watu wa wilaya za pwani, ikiwemo wilaya yetu hii ya Dar es Salaam, kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Watu waliacha mihogo na mpunga wao wakaenda kulima mali ya mwingine kwa ujira usiotosha hata chumvi. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza, vikaendelea hadi 1907. Uzaramo nayo iliguswa.

Baada ya uhuru nia ilikuwa njema, lakini somo hatukulishika lote. Mwalimu alipotoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya akili ya mtoto. Katika shule nyingi likawa adhabu. Aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akalime, aliyefeli hesabu akalime. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe miaka saba hawezi kulitazama jembe kama rafiki. Ndipo tofauti ilipo, nami naomba msomaji aiweke akilini: la amri linachosha hata likiwa jepesi, na la hiari linapumzisha hata likiwa zito. Yule karani alilima matuta mawili baada ya kutwa nzima ya kazi, akaingia ndani akiwa hana uchovu aliotoka nao mjini. Hakuna aliyemwamuru.

Sasa nije kwenye bao, na hapa itanibidi niseme habari za nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mwanamgambo. Alichukuliwa mwishoni mwa 1978 pamoja na maelfu ya wenzake, akapelekwa Kagera na baadaye akavuka mpaka. Alirudi mwaka uliofuata akiwa mzima wa viungo, nasi tukachinja mbuzi. Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyekwenda. Hakusema. Mlango ukigongwa kwa nguvu aliruka akasimama ukutani. Usiku mama alimsikia akitembea uani hadi majogoo. Hospitali walimpa vidonge vya usingizi, na vilipokwisha havikupatikana vingine. Katika lugha yetu ya wakati ule hapakuwa na jina la ugonjwa huo. Watu walisema tu, "Vita imemkaa."

Mjomba wetu alikuwa na shamba la mikorosho na minazi huku Chamazi. Chamazi ya wakati huo ilikuwa shamba tupu, hakuna umeme, na ukishuka kwenye gari Mbagala ulitembea kwa miguu katika njia ya mchanga kati ya miembe. Mama alimpeleka mdogo wangu huko akae na mjomba, walau asisikie milango ya watu. Jirani wa mjomba alikuwa mzee wa Kizaramo, na chini ya mwembe wake palikuwa na bao lililochongwa kwa mti wa mninga, limeng'aa kwa mikono ya watu.

Siku ya kwanza mdogo wangu alipita pale akamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Macho yangu haya yamechoka, kete siziwoni vizuri. Hebu kaa hapo unihesabie."

Akakaa. Kesho yake mzee alimwita tena, na kesho kutwa. Ilitupasa miezi kadhaa kugundua kwamba macho ya mzee yule hayakuwa na kasoro yoyote. Aliweza kutunga uzi kwenye sindano magharibi.

Kwa asiyelijua bao la kete, nieleze kidogo. Lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazotoka katika mmea wa miiba unaoota karibu na pwani. Kila mchezaji ana safu mbili. Mchezo una hatua mbili. Hatua ya kwanza huitwa namua, ambapo mchezaji ana kete 22 mkononi na huingiza moja kila zamu. Zikiisha huja mtaji, ambapo unacheza na zilizomo ubaoni tu. Kete moja unayoiweka inaweza kula, kuzunguka, kula tena, na kubadilisha hali ya mashimo yote kabla haijalala. Mchezaji hodari huona mzunguko mzima kichwani kabla hajagusa kete. Mtu anayefanya hesabu hiyo hawezi wakati huohuo kuwa Kagera. Nafasi haipo. Kichwa kimejaa.

Bao lina faida ya pili, nayo ni kwamba hulichezi peke yako. Mnakaa uso kwa uso, lakini macho yenu yako chini, kwenye mashimo. Hamlazimiki kutazamana wala kuzungumza, na kwa sababu hamlazimiki, mnazungumza. Mdogo wangu hakunisimulia mimi habari za vita, wala mama, wala mganga wa hospitali. Alimsimulia mzee yule kidogo kidogo, neno kwa kete, na mzee akajibu "Ehee" na "Haya, cheza." Baada ya kama nusu mwaka nilikwenda kuwatembelea, na kabla sijafika mwembeni nikasikia kicheko. Nilisimama njiani. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu 1978.

Sisemi kwamba bao lilimponya. Hadi alipofariki mwaka 2014 hakuwahi kulala chumba kisicho na dirisha wazi. Nasema kwamba lilimpa mahali pa kukaa wakati anapona, na mtu wa kukaa naye. Alioa, akalima, akafundisha bao vijana wengi wa eneo hili, na wakati wote namna yake ya kumkaribisha kijana mgeni ilikuwa ileile: "Macho yangu haya."

Wasomaji wasidhani kwamba bao ni faraja ya wanyonge pekee. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, alikuwa mchezaji wake, na alikuwa kwenye bao katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party tarehe 7 Aprili 1972 alipopigwa risasi na kuuawa. Mtu aliyeongoza visiwa vyenye misukosuko ile bado alijitafutia saa yake ya jioni barazani na wenzake. Nalitaja tukio hilo la huzuni kwa sababu hueleza jinsi tabia hiyo ilivyokuwa ya kawaida kwetu: kiongozi na mchukuzi wa mizigo walimaliza siku kwa mchezo mmoja.

Nije kwenye kitu cha tatu, kalamu. Mwalimu Nyerere alipata uwaziri mkuu, akaongoza nchi kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na baada ya wiki sita tu akajiuzulu ili akakijenge chama cha TANU. Desemba 1962 akawa Rais. Mwaka 1963 ikatoka kitabuni tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Fikiri, msomaji. Nchi changa, walimu hawatoshi, madaktari wanahesabika kwa vidole, na mkuu wa nchi anakaa usiku akipima mizani ya Kiswahili! Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alitoa tafsiri hiyo tena baada ya kuisahihisha, na pamoja nayo Mabepari wa Venisi. Na mwaka 1996, akiwa mstaafu, zikachapwa tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume. Hakuna kamati iliyomtuma kazi hiyo. Ni mtu aliyependa maneno kama wengine wanavyopenda bustani, na nina hakika kuwa katika usiku wa kazi nzito, mstari mmoja uliokaa sawa ulikuwa kwake kama mchicha uliochipua. Alipoachia urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Hakuwa anajifunza upya, alikuwa anarudia.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano mkali zaidi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi alipohukumiwa, mwaka 1969, kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya waraka wake ulioitwa Kenya: Twendapi? Alifungiwa peke yake. Humo ndani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yalipotoka yakawa diwani iitwayo Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973 na kupata tuzo ya fasihi ya Kenyatta mwaka uliofuata. Baadaye alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu. Na mbali zaidi kusini, Nelson Mandela, aliyefungwa maisha mwaka 1964, aliomba na kupewa kipande cha ardhi kavu katika gereza la Robben Island, akapanda nyanya na vitunguu. Alipohamishiwa Pollsmoor mwaka 1982 alilima juu ya paa, ndani ya mapipa ya mafuta yaliyokatwa nusu. Mfungwa haamui aamke saa ngapi wala ale nini. Lakini aliamua lini amwagilie nyanya.

Sasa nitoe tahadhari, ili nisieleweke vibaya. Nimewasikia watu wakisema kwamba zamani tulikuwa na dhiki lakini tulikuwa na furaha, kana kwamba dhiki ile ilikuwa jambo zuri. La hasha. Tuta la mchicha halikuleta sabuni. Bao halikuwarudisha waliozikwa Uganda. Mashairi ya Abdilatif hayakufupisha kifungo chake hata kwa siku moja. Anayetawala asijifiche nyuma ya bustani za watu akasema, "Wanajua kujiliwaza hawa." Foleni zilipungua baada ya sera kubadilika, serikali ilipoanza mwaka 1984 kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baadaye katika utawala wa Rais Mwinyi. Hazikupungua kwa sababu tulikuwa wavumilivu. Kazi ya vitu vidogo ni nyingine: vilitufanya tufike siku hiyo tukiwa bado watu, tunaoweza kucheka, kukasirika kwa sababu ya haki, na kulea watoto bila kuwamalizia hasira zetu.

Somo hilo nililipata nafasi ya kulitumia nikiwa mwalimu mkuu, karibu na kustaafu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Mabomu yaliruka juu ya mapaa ya nyumba, watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha, na maelfu walikimbia kwa miguu wakiwa na watoto mgongoni. Shule yangu haikuwa mbali. Masomo yalipoanza tena niliwaona watoto walioruka kila mlango ulipojipiga kwa upepo, na wengine waliojisaidia madarasani mvua ilipopiga radi. Nilikuwa nimewahi kuona hayo uani kwa mama.

Hatukuwa na mshauri wa mambo ya akili. Tulikuwa na kiwanja. Nikawaambia walimu kwamba kila darasa lichague mmea wake na tuta lake, na kwamba mtoto yeyote atakayepewa adhabu pale bustanini, mwalimu wake ataniona ofisini. Darasa la tatu walichagua alizeti. Darasa la sita walitaka matikiti, yakaliwa na kuku wa majirani, wakapanda tena. Walimu walipewa kazi moja tu, kuchuchumaa pamoja na watoto na kutouliza maswali. Kufika mwezi wa saba, watoto walikuwa wanasimulia. Mmoja alimweleza mwalimu wake, akiwa anang'oa magugu na hata hakuinua uso, jinsi alivyompoteza bibi yake katika umati wa watu kwa siku mbili. Mwalimu yule hakusema neno ila "Ehee." Sikuwa nimemfundisha. Labda liko katika damu yetu.

Ndiyo maana hali ya Chamazi ya leo inanishughulisha. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu wapatao 843,000 katika Mkoa mzima wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wao wamekuja huku pembezoni, na wana haki ya kuja. Wako wenzetu waliobomolewa nyumba Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wakaungana, wakachanga, wakanunua ardhi hapa Chamazi na kujijengea, nawaheshimu sana. Siwalaumu watu kwa kutafuta pa kulala. Lakini mikorosho ya mjomba imekwisha kukatwa ikagawanywa viwanja. Mwembe wa bao umeondoka, na mahali pake pana fremu za maduka. Nyumba zinajengwa kutoka ukuta hadi ukuta, ua unasakafiwa kwa saruji hadi mpakani ili matope yasiingie, na mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia kwa jirani. Alfajiri nilikuwa nikiamshwa na tetere. Sasa naamshwa na kunguru weusi, ndege walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wanaostawi palipo na takataka.

Na vijana wetu wana dhiki zao. Kijana wa bodaboda ana mkopo wa pikipiki unaodaiwa kila siku. Binti aliyemaliza chuo anazungusha barua za maombi mwaka wa tatu. Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wajukuu zangu walikaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu, na simu ya mama yao ikageuka kuwa dirisha lao pekee. Niliteremsha bao la marehemu mdogo wangu kutoka juu ya kabati, nikawaambia macho yangu yamechoka. Wiki ya kwanza walicheza kwa kunionea huruma. Wiki ya nne mjukuu wangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi na moja, alinifunga mara mbili mfululizo, na hakunionea huruma hata kidogo.

Faraja za namna hii hazihitaji fedha nyingi, lakini zinahitaji mahali. Wazee wetu hawakulazimika kulifikiria jambo hilo kwa kuwa miti na nafasi vilikuwa vingi. Sisi tunalazimika. Anayejenga aache walau hatua mbili za udongo wazi ukutani upande wa jua la asubuhi, na aache mti mmoja, hata kama fundi atamwambia unaharibu msingi. Wajumbe wa serikali za mitaa wanapopimia watu viwanja wakumbuke kuacha kivuli kimoja cha wote, pa kuweka benchi na bao, kama wanavyokumbuka kuacha njia. Walimu wenzangu walioko kazini wailinde bustani ya shule isiwe gereza la watoto wakorofi.

Mbegu za mchicha zinauzwa sokoni Mbagala Rangi Tatu kwa bei ya kawaida, na komwe bado zinaokotwa pwani. Mwenye nafasi ya tuta na aanze na tuta. Asiye nayo amtafute jirani mmoja, hasa yule asiyesema sana siku hizi, amwombe amsaidie kuhesabu kete.